Sakafu ya Baba

Garaji yangu haikujengwa kwa ajili ya gari. Nimelikana jambo hili kwa miaka saba, mbele ya kaka yangu, mbele ya majirani wote wa upande wetu wa Nyansiongo, na mara moja mbele ya mchungaji, ambaye hata hakuwa ameuliza. Hakukuwa na gari lililoagizwa. Hakukuwa na gari lililokwama bandarini. Sina hata leseni, na mara ya mwisho kushika usukani nilibomoa banda la kuku la mwenye gari. Na kwa kuwa nimeanza kuungama, niongeze hili: ile kampuni ya Nairobi niliyoilaumu kwa kuniuzia dawa mbovu ya sakafu haikuniuzia dawa mbovu. Dawa ilikuwa nzuri. Kibovu kilikuwa neno moja nililolitamka mimi, mwenye digrii mbili za lugha.

Nayasema haya sasa kwa sababu mama amezikwa, na kwa sababu ya kile kijitabu cha mazishi. Tulimzika Marani mwezi uliopita, kando ya mume wake, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe, na kwa hilo sina ugomvi na mtu. Lakini kijitabu kilisema kwamba miaka yake ya mwisho "aliishi kwa amani katika boma lake, akitunzwa na mwanawe." Kaka yangu Nyakundi ndiye aliyekiandika na ndiye aliyekisoma, kwa ile sauti yake ya mkuu wa shule mstaafu ambayo hata koma huzisimamisha wima. Nilipomuuliza baadaye ni mwana yupi huyo, alinitazama kwa upole akasema, "Mwana ni mwana, Kerubo. Wewe ndiye msomi wa Kiswahili. Mwana si lazima awe mwanamume." Ni kweli, si lazima. Lakini "boma lake" lina mahali, na mahali hapo si pale alipokula chakula cha mchana kwa miaka sita na miezi kadhaa. Alikula kwangu, ndani ya garaji, akiwa amekalia kiti cha mbao, mlango mkubwa ukiwa wazi ili aone nani anapita barabarani na amevaa nini. Kama kijitabu hakikupata nafasi ya kulisema hilo, nafasi ninayo mimi.

Wapo wanaojua mwaka wa ujana uliowafanya walivyo. Mimi ujana niliupitisha kwa adabu, nikisahihisha insha za watu wengine. Mwaka wangu ulinijia nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na ulianza kwa vigae. Nyakundi alikuwa ameweka vigae kwenye baraza la nyumba yake pale Marani, vyeupe, vya kung'aa, vya aina ambayo mgeni huvua viatu kabla hajaambiwa. Mvua ikanyesha, mama akapita na karai la chinsaga, zile mboga chungu ambazo hakumwamini mtu mwingine kuzichambua, akateleza. Mboga zilitapakaa hadi langoni. Nyonga ikavunjika. Alitoka hospitalini na fremu ya chuma yenye miguu minne iliyovishwa mpira, na katika wiki ya kwanza akawa ameshaipa jina. "Leteni gari langu," alikuwa akisema anapotaka kuinuka. "Gari langu limeegeshwa mbali, nani amelisogeza?" Wajukuu walicheka. Nyakundi hakucheka. Vigae vilikuwa vyake, na tangu siku ile kila alipovipita alitazama juu, kama mtu anayekagua paa.

Mwezi wa Januari kikaitwa kikao sebuleni kwa Nyakundi. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali wa wimbi, na kati ya jiko na sebule ile hakuna mlango, kuna pazia tu, kwa hiyo nilihudhuria kikao chote bila kualikwa. Chumba cha upande wa pili wa sebule ndimo alimolala mama, na ukuta wake ni wa mbao. Kwa ufupi, waliokuwa wakizungumzwa walisikia kila neno, na waliokuwa wakizungumza walidhani wako peke yao. "Alale kwa Kerubo?" nilimsikia Nyakundi akiuliza. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alijibu kwamba Kerubo ana nyumba inayojengwa na hana watoto wa kupiga kelele. "Ni binti," Nyakundi akasema. "Chinsoni ni chinsoni." Chinsoni ndizo zile adabu zetu Abagusii zinazosema nani anaingia nyumba ya nani, anapita mlango upi, na anaketi wapi akishaingia. Baba mdogo akacheka. "Chinsoni na nani? Kerubo hana mume. Huyo mama atamwonea haya mkwe gani? Paka?" Nyakundi akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijaisahau kwa sababu ndiyo pekee ya siku ile iliyokuwa ya kweli: "Watu watasema aliangukia kwangu, nikashindwa, akachukuliwa na msichana."

Nilipompelekea mama chakula alikuwa ameketi kitandani, macho ukutani, kama mtu anayesikiliza redio. Alimega tonge, akalichovya, akauliza bila kunitazama, "Nyumba yako imefika wapi?" Nikamwambia imefika kwenye linta, juu ya madirisha. "Mlango wa mbele una ngazi?" Nikamwambia tano, kwa sababu kiwanja kimeinama. Akatafuna kwa muda mrefu. "Ngazi tano," akasema, "kwa gari langu huo ni mlima." Hakusema zaidi. Mama hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kutaja tatizo na kuendelea kula. Wiki iliyofuata nilimwambia fundi wangu wa mawe aongeze garaji upande wa juu wa kiwanja, ambako ardhi iko sawa na sakafu ya nyumba, yenye mlango wa ndani wa kuingilia jikoni. Akaniuliza garaji ya nini. Nikasema, "Ya gari." Ningesema ni ya mama, habari ingefika Marani kabla ya chai ya saa nne, na kikao kingine kingeitwa, na wanaume watano wangejadili nyonga ambayo si yao. Garaji haiitiwi kikao. Huchekwa tu, na kuchekwa nilikuwa nimeshakuzoea.

Nikachekwa. Jirani yangu Kwamboka, anayeuza maziwa, alilifanya kuwa jambo la kila asubuhi. "Madam, hiyo gari bado haijafika?" "Iko njiani." "Hiyo njia ni ndefu. Inatoka wapi, Japani kwa miguu?" Siku nyingine alisimama na kibuyu chake mlangoni, akapima kwa macho, akasema, "Hii nyumba ya gari ni kubwa kuliko ya watu. Nikikosana na mzee wangu nitakuja kulala hapa." Nilimjibu kwa heshima ya mtu mwenye gari. Nakumbuka hata niliwahi kulalamika kuhusu bei ya matairi.

Halafu ikaja sakafu. Zege lilikuwa limeshakauka juu, na zege tupu huwa na vumbi. Kila ukifagia linatoa jingine, kama mtu asiyemaliza malalamiko. Lilihitaji kufunikwa na kitu. Nilijifungia wiki mbili nikisoma, maana hiyo ndiyo njia yangu ya kuepuka kumuuliza anayejua. Vigae sikutaka hata kuvisikia. Saruji nyekundu ya kusugua kwa nta, ile ya utotoni, niliikumbuka vizuri: Ijumaa mchana, kabla ya Sabato kuingia, tuliisugua kwa magoti hadi ikawa kama barafu nyekundu, na kila Jumamosi mgeni mmoja alianguka nayo. Rangi ya kawaida ya sakafu ilikuwa rahisi kupaka, na rahisi vilevile kuchubuka. Kisha nikakutana na epoksi, ile dawa nzito ya kumimina inayoganda juu ya zege kama kioo. Picha zake zilinipumbaza. Sakafu za kijivu zinazong'aa kama maziwa yaliyotulia kwenye sufuria, na juu yake magari ambayo sitayamiliki. Nikaipigia simu kampuni moja ya Nairobi.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye dhambi yenyewe. Kwa Ekegusii, mama anaitwa baba. Baba mzazi ni tata. Kila mtoto wa kwetu ameadhibiwa na lugha hizi mbili. Mimi darasa la tatu niliandika insha kwamba baba yangu anamnyonyesha mtoto huku akikoroga uji, na mwalimu, ambaye si wa kwetu, aliisoma mbele ya darasa zima hadi mwisho. Unadhani ukishasoma chuo kikuu jambo hilo linaisha. Haliishi. Nikichoka, au nikimzungumzia mama kwa moyo wote, ulimi hurudi darasa la tatu. Kijana wa mauzo aliponiuliza sakafu hiyo atakayeitumia zaidi ni nani, nilijibu kwa Kiswahili changu safi: "Ni ya baba."

"Sawa kabisa," akasema. "Mzee anaendesha gari gani?"

Hapo ningeweza kusahihisha. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili: samahani, nilimaanisha mama, ana miaka sabini na minane, anatembea na fremu, amevunjika nyonga kwa sababu ya sakafu. Lakini nilikuwa nimeshazoea kudanganya, na uongo ukishapata njia yake hupita wenyewe. Nikasema, "Pikapu."

"Pikapu. Basi kuna oili, kuna matope, kuna uzito. Mpe mzee epoksi ya kung'aa, tabaka mbili, atasafisha kwa kitambaa tu. Chini ya slabu mliweka nailoni ya kuzuia unyevu?" Nikasema ndiyo, kwa sababu nilikuwa nimeinunua mimi mwenyewe na kumkabidhi fundi wa mawe kwa mkono wangu. Kijana hakukosea hata neno moja. Alimshauri vizuri sana mzee mmoja mwenye pikapu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Ilipakwa mwezi wa Juni. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitembea juu yake kwa soksi. Niliweza kuyaona meno yangu. Nilimpigia Nyakundi nikamwomba amlete mama aione nyumba, mchana tu, arudi. Na yeye, kwa kuwa alitaka kuliona hilo gari langu, akakubali. Walikuja kutoka Marani mchana wa jua kali, na kabla sijasema lolote akaingiza gari lake moja kwa moja ndani ya garaji, kwa ile furaha ya mwanamume aliyeona mlango wa ukubwa wake. Manyunyu yalikuwa yamewakuta langoni, na gari lilikuwa bado linadondosha maji. Mama alishuka, akapangua mkono wangu, akaomba gari lake. Nilikuwa nimepika kuku, na ndizi, na chinsaga zilizolala usiku mzima kwenye maziwa kama anavyozitaka. Alipiga hatua ya kwanza, ya pili. Katika ya tatu, mguu mmoja wa fremu ulikanyaga maji yaliyodondoka kutoka kwenye gari la Nyakundi, ukaondoka. Ulikwenda zake tu, bila sauti. Nyakundi alimdaka kwapani. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja na sikufika.

"Unataka kumuua?" Nyakundi aliniuliza. Hakupaza sauti. "Ulinitazama mimi mwaka mzima kama mwuaji kwa sababu ya vigae. Na wewe je?"

Mama alikula. Nilimwona akiitazama sakafu kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Walipoondoka, Nyakundi akirudi kinyumenyume, tulisikia mlio kama wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, na matairi yake yakatoka na sakafu yangu. Mikanda miwili mirefu, ya kijivu, inayong'aa. Alisimamisha gari, akashuka, akabandua kipande kwenye tairi, akanikabidhi mkononi kama risiti. Nikasema, "Kampuni imeniuzia dawa mbovu." Nilirudia hivyo kwa kila aliyeuliza, na wiki ile waliuliza wengi, kwa sababu Kwamboka aliiona ile mikanda na akatangaza kwamba gari langu lilifika, likaonja sakafu, likakataa.

Aliyekuja kuirekebisha alikuwa mwanamke wa Masimba aitwaye Moraa, fundi wa sakafu, mfupi, mwenye grainda yake mwenyewe, mashine ya kusagia zege, na dharau ya haki kwa watu waliosoma. Hakugusa chochote siku ya kwanza. Alibandika kipande cha nailoni sakafuni, mahali palipobanduka, akakizungushia utepe wa gundi pande zote, akaenda zake. Alipokifunua kesho yake mchana, upande wa ndani ulikuwa na matone kama kifuniko cha sufuria. "Madam," akasema, "hii sakafu inatoa jasho, na wewe umeivalisha koti la mpira." Nikamwambia haiwezekani, chini kuna nailoni. Akachimba pembeni ya msingi kwa patasi, dakika ishirini. Chini kulikuwa na udongo, na udongo tu. Tulipoinuka, sote wawili tukatazama ng'ambo ya ua. Mahindi ya Kwamboka yalikuwa yamelala pale, yamefunikwa vizuri na nailoni nyeusi, mpya, ya upana ninaoujua. "Fundi wako ndiye alinipea," Kwamboka alisema bila wasiwasi. "Mvua ilikuwa inakuja. Alisema mahindi ni chakula na sakafu ni sakafu." Nilitafuta hasira nikaikosa. Mahindi yalikuwa makavu kabisa.

Kisha Moraa akaniuliza swali ambalo kijana wa Nairobi hakuuliza kwa sababu nilimzuia. Hakuuliza gari gani. Aliuliza, "Nani atatembea hapa?"

Nilifungua mdomo kusema gari. Badala yake nikasema, "Baba."

Akazitazama ngazi tano za mlango wa mbele. Akautazama mlango wa jikoni. Moraa ni mtu wa kwetu; neno lile kwake lilikuwa na nyonga na leso kichwani. "Anatembea na nini?" akauliza. "Fremu." "Imevishwa mpira chini?" "Imevishwa." "Amewahi kuanguka?" "Mara moja. Na hapa karibu iwe mara ya pili." Akatikisa kichwa, si kwa kunihukumu, ila kama daktari aliyeletewa mgonjwa halisi baada ya wiki nzima kuelezwa kuhusu mtu mwingine. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Alisaga epoksi yote, hata iliyokuwa bado imeshika. Aliniruhusu nilie kidogo, kisha akaniambia nilete maji. Juu ya zege alipaka tabaka jembamba la saruji na mchanga wa mto, ule wenye punje, na kabla halijashika akalifagia kwa ufagio mgumu, mstari baada ya mstari, kukata njia ya mguu. "Nyanya zetu walikuwa wanasiriba nyumba na samadi wakiacha alama za vidole," alisema akiwa amepiga magoti. "Wewe ulifikiri ni urembo?" Nilikuwa nimefikiri ni urembo. Nilikuwa hata nimeandika hivyo mahali. Nikamwuliza kuhusu rangi, kama baadaye tungeweza kuipa angalau mng'ao kidogo. "Madam, unataka kujiona ama unataka baba asimame?" Tukaacha milango wazi, tukasubiri. Ilipokauka vya kutosha hakupaka kitu juu yake. Aliinywesha dawa nyembamba kama maji, ya aina inayozama ndani ya zege, ikalifunga vumbi na kuacha unyevu wa chini upate pa kutokea. Sakafu ikabaki na rangi ya jivu la jana. Hakuna picha yake kokote. Tuliimwagia maji ya sabuni, Moraa akavaa viatu vyake vya mpira, akatembea juu yake mbele, nyuma, akarukaruka. Kisha akanilazimisha nami. Nikarukaruka, mhadhiri mzima, Kwamboka akitazama juu ya ua. "Sasa gari ni wewe?" akauliza.

Nilimweleza mama kwa simu kila hatua: imesagwa, imefagiwa, imenyweshwa dawa. Kuhusu kuja, hatukutamka neno. Nyakundi alikuwa ameshapitisha uamuzi kwamba mama hatalala kwa binti, na baada ya siku ile ya mikanda sikuwa na uso wa kumpinga. Kila nilipotaka kusema, nilikuwa nakiona kile kipande cha kijivu mkononi mwangu. Siku kumi zikapita tangu dawa ipakwe. Nilikuwa nimeketi garajini kwenye kiti cha mbao, Jumapili asubuhi, nikinywa chai peke yangu katika chumba kikubwa kisicho na kazi, simu ilipolia. Mama alikuwa haamini kwamba simu hubeba sauti, kwa hiyo alikuwa akiisaidia.

"KERUBO!"

"Naam, Baba."

"Imekauka?"

"Imekauka."

"Umeimwagia maji?"

"Na sabuni. Haitelezi. Nimerukaruka juu yake."

"Wewe ulianguka hata kwenye nyasi ulipokuwa mtoto. Kama hukuanguka, imekauka." Nikasikia vitu vikiburutwa. Kisha nyuma yake sauti ya Nyakundi, ya upole, ya kuchoka: "Mama, hili tulilimaliza. Huwezi kwenda kulala nyumba ya binti."

"Nani ametaja nyumba?" mama akasema, bila kuuondoa mdomo wake kwenye simu, hivi kwamba nilipigwa kelele iliyokuwa ya mwingine. "Mimi naenda garaji. Wewe ndiwe mwalimu. Hebu nisomee: chinsoni inasema nini kuhusu garaji?"

Kaka yangu amesimamia mitihani kwa miaka thelathini. Nilisikia jogoo wa Marani, na mjukuu mmoja akicheka na kunyamazishwa, na kisha, kwa mbali, mlio mdogo wa chuma: funguo zikichukuliwa mezani.

"Kerubo, bado uko?"

"Niko, Baba."

"Huyo jirani wako wa maziwa, anayeulizia gari kila siku. Mwambie leo lafika. Nyakundi ndiye ananileta. Gari lake atalisimamisha nje. Langu ndilo litaingia."